Samaki Aliyelala Ubavu

Mke wangu Elika,

Najua hutaisoma barua hii. Hata ulipokuwa hai kazi ya kusoma uliniachia mimi, ukisema macho yangu yameshazoea kupoteza wakati. Nakuandikia hata hivyo, na nitawaachia wengine waisome, kwa sababu hapa Makambako watu wanajua habari yako nusu tu. Wanajua ulifuga samaki ndani ya chupa. Hawajui kwamba samaki huyo nusura akutoe katika nyumba yako.

Yalianzia Njombe. Wewe ulikuwa unapiga pasi kwa yule Memsabu wa shamba la miti ya miwati, mimi nikishona kaptula za vibarua chini ya upenu wa stoo. Walipofunga mizigo kurudi kwao Ulaya waligawa vitu. Mpishi alipata baiskeli. Mtunza bustani alipata koti lililomfika magotini. Wewe ulirudi nyumbani na samaki.

Nilikuuliza kama baiskeli ilikuwa moja tu.

"Fundi," ukaniambia, "baiskeli haimjui mtu."

Samaki alikuwa na urefu wa kidole cha kati, mwekundu ukimwangalia kwa mbele, bluu ukimgeuzia dirishani, na mapezi yalimning'inia kama khanga iliyoloa. Memsabu alikwambia ametoka nchi za mashariki ya mbali walikoishi kabla ya kuja kwetu, na huko watu huwapiganisha samaki hao kama majogoo. Labda aliyetoka huko alikuwa babu yake. Kiswahili cha Memsabu kilikuwa hakiingii sana katika mambo ya ukoo. Alikuachia maagizo mawili: maji yasiwe ya baridi, na chakula kisizidi ukubwa wa jicho la samaki mwenyewe. Agizo la kwanza, kwa mtu anayeishi Njombe mwezi wa Juni, lilikuwa mzaha. La pili tulilidharau, na ndilo lililotutesa.

Unakumbuka tulivyohamia huku? Mimi nilikuwa nafuata malori, maana penye malori pana suruali zilizochanika. Ulikaa mbele karibu na dereva, chupa ya peremende mapajani, umeifunika blanketi. Yule dereva alikutazama mpaka tukapita milima yote.

"Mama, huyo mtoto mbona halii?"

"Ana adabu kuliko wewe," ukamjibu.

Alicheka. Mimi nilikuwa nyuma, juu ya magunia, nikakusikia kupitia tundu la dirisha. Nilijua umelijibu swali lile kwa haraka kwa sababu ulikuwa umelizoea.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya baraza la duka. Chupa uliiweka juu ya kigoda, pale joto la mafiga linapofika bila moshi. Ulimtafutia viluwiluwi vya mbu kwenye madimbwi, ukawa mwanamke wa kwanza Makambako kusikitika kiangazi kinapokausha madimbwi. Wateja waliokuwa wakingoja nguo waliingia kumwona. Uliwaambia, "Karibuni, huyu ni mgeni wetu."

Sasa, kwetu mgeni hatazamwi tu. Mtu akiingia mlangoni mwako akatoka bila kutia kitu mdomoni, aliyeaibika ni wewe. Basi kila aliyemwona alimega ugali kidogo akamdondoshea. Utingo wa lori alimega, mama wa maandazi alimega, mwinjilisti alimega na kumwombea. Mimi nilimega asubuhi na jioni, nikijiona mwenye nyumba mwema. Samaki naye hakuwa na lugha ya kukataa. Alikula kila alichopewa, kama mgeni yeyote mwenye malezi.

Mama yangu alifika katikati ya shibe hiyo. Alitoka kijijini, upande wa Igwachanya, na kikapu cha njegere mbichi na ujumbe wa baba mkubwa. Njegere alizitoa kwanza. Ujumbe aliutoa wakati wewe umepiga magoti unamnawisha mikono: ndoa yetu imekaa miaka bila mtoto, ukoo utakaa kikao baada ya mavuno, na kuna binti ameonekana mahali, mwenye afya nzuri. Aliyasema juu ya kichwa chako kana kwamba mnawishaji hana masikio. Nikasema, "Mama, hayo tutazungumza." Akasema, "Ndiyo tunazungumza." Wewe ukachukua beseni, ukasema, "Karibu ule, Mama," na sauti yako ilikuwa imenyooka kama uzi uliovutwa.

Kesho yake tulipoamka samaki alikuwa amelala ubavu juu ya maji.

Hakuwa amekufa. Jicho lilikuwa linatutazama. Tumbo lilikuwa limemvimba kama aliyemeza ushanga, na kila alipojitahidi kwenda chini alirudishwa juu kama kizibo. Alipiga mapezi, akachoka, akalala tena. Mama alisogea, akainama, akakaza macho.

"Mnaona? Nyumba hii hata samaki hakai."

Mimi nilijua maneno hayo yatapanda lori pamoja naye kurudi Igwachanya. Baba mkubwa hakuwa na haja ya ushahidi mwingine. Samaki akifa, kikao kingekuwa kifupi, na wewe ungefungiwa nguo zako kwenye shuka na kurudishwa kwa kaka zako. Ulijua hivyo hivyo. Nilikuona ukiyafikiria huku unafagia mahali palipokwisha fagiwa.

Halafu ukafanya kitu ambacho mimi, msomaji wa magazeti ya kufungia sukari, sikukifikiria. Ulichukua kibonge cha ugali mkavu ukakitia kwenye kikombe cha maji. Ukaenda kisimani. Uliporudi ulinionyesha: kibonge kilikuwa kimevimba, kimekuwa kama viwili.

"Ndicho kilichomo tumboni mwake," ukasema.

Nikakwambia kwamba samaki ana kifuko cha hewa ndani, nilikiona kila nilipopasua samaki wa mtoni, na huenda tumbo limekibana, ndiyo maana anapinda kama lori lililopakiwa upande mmoja. Ukasema, "Basi tushushe mzigo." Na ukatangaza kwamba samaki hatakula kitu.

Mama alishika kichwa. "Mgonjwa anabembelezwa ale! Wewe unamfungia chakula? Mgonjwa?"

"Mbuzi akivimba tumbo, Mama, tunamfungia majani."

"Huyo ni mbuzi?"

"Tumbo ni tumbo."

Ulipunguza maji chupani ili asihangaike kufuata hewa juu, maana samaki wa aina hiyo huja kuivuta kwa mdomo. Uliikalisha chupa kwenye sufuria ya maji ya vuguvugu, na kila yalipopoa ulibadilisha, mpaka vidole vikajikunja kama vya mfua nguo. Wateja walipokuja na tonge zao ulisimama mlangoni ukasema, "Leo hapokei watu." Utingo alikasirika. Akasema hata Bwana Shauri wa serikali hupokea watu. Wakaanza kukuita mchoyo. Mchoyo, katika mji unaoishi kwa wapita njia! Hata jirani yetu wa maandazi alipunguza salamu. Nami nilishona nikiwa nimeinama, nikisikia yote, kwa sababu barazani fundi wa nguo huhesabiwa kama sehemu ya cherehani.

Siku zilipita, samaki hajala, hajakaa sawa. Tumbo lilipungua lakini alibaki amelala. Mchana mmoja nilikuwa naweka makaa kwenye pasi nilipomwona Mama anasogea kwenye kigoda, na tonge dogo la ugali kati ya vidole viwili. Hakuwa na ubaya. Mimi namjua mama yangu: huruma yake yote imo vidoleni, na vidole vyake havijui njia nyingine ila ya mdomoni.

Ukamkamata kiganja.

Elika, katika miaka yangu yote sijawahi kuona mkwe akimkamata mama mkwe kiganja. Pasi niliiacha juu ya suruali ya mtu. Mlitazamana. Ukasema polepole, kama mtu anayepita juu ya mti uliolazwa mtoni:

"Mama, mimi sijazaa. Najua, na wewe unajua. Lakini huyu ni wangu, na ninajua anaumwa nini. Akifa, nenda ukawaambie. Sitakuzuia. Lakini usinisaidie kumwua."

Suruali ilianza kutoa moshi. Mama aliliangalia lile tonge, akaliangalia tena, akalila mwenyewe, kwa sababu ugali hautupwi. Kisha akavuta kiti akaketi mbele ya chupa, na pale akakaa.

Alikaa sana. Wewe ulirudi kwenye maji yako ya moto. Hatimaye nikamsikia, kwa ile sauti anayoitumia akitaka jambo lionekane halimhusu:

"Tumbo limeshuka. Kilichobaki kimeganda."

"Ndiyo, Mama."

"Mtoto akikosa choo, kwenu huko mnampa nini?"

"Njegere laini, Mama."

"Na ganda?"

"Tunatoa. Ganda lina upepo."

"Sasa unangoja nini?"

Njegere ilichemshwa, ya kikapu chake mwenyewe. Aliimenya yeye, kwa kucha, amefinya macho, akakata kipande kisichozidi punje ya ulezi. Nywele zenu ziligusana juu ya mdomo wa chupa. Samaki alikitazama kipande kile kama aliyetukanwa. Alikimeza, akakitema, akafikiri, akakimeza tena. Yaliyomtoka kesho yake sitayaandika, maana barua hii itafika kwa watu wa kanisa. Lakini adhuhuri alishuka. Alishuka taratibu, akapinda, akaogelea, akagusa mawe ya chini, akakaa.

Mama akapiga makofi mara moja. Akainama mpaka pua ikagusa kioo, akasema kwa Kibena, kama anavyosalimia mtu mzima:

"Kamwene."

Ulicheka mpaka ukaketi chini. Sikuwa nimekusikia ukicheka tangu alipofika.

Hakunyooka kabisa, tuseme kweli. Mpaka mwisho aliogelea ameelemea kushoto, kama mzee anayetoka kwenye pombe ya ulanzi na anayejua njia. Mama alirudi kijijini. Kikao kilikaa. Baba mkubwa mwenyewe alinisimulia baadaye, bado amekasirika: walipomwuliza Mama habari za mke wangu alisema tu, "Mke yupo. Mwacheni mwanangu ashone." Walipomwuliza tena akasema ana usingizi. Yule binti mwenye afya nzuri aliolewa na mwenye ng'ombe, na nasikia wanaendelea vizuri.

Samaki alikufa msimu wa baridi uliofuata, kwa uzee, nadhani, na kwa upepo wa hapa. Ulimzika chini ya mpichi. Ulilia, nami nikashika jembe bila kusema neno la kuchekesha, jambo ambalo wewe peke yako ndiye ungejua lilivyonigharimu.

Kisha miguu ya Mama ikamwishia nguvu, nasi tukamleta akae nasi. Miaka yote hiyo ulimwogesha, ukamgeuza, ukamlisha, ukamnyima chumvi mganga alipokataza. Alikutukana kwa ajili ya chumvi kila mlo. "Una roho ngumu, mwanamke!" Nawe ungejibu, "Ndiyo, Mama. Fungua mdomo." Nikiwa barazani niliwasikia, nikajua nyumba iko salama.

Halafu kifua kikakushika wewe, uliyekuwa mzima. Tulikupeleka hospitali ya misheni, tukakurudisha kwa lori lile lile lililokupeleka.

Nataka kukusimulia mazishi yako, kwa kuwa hukuwepo kwa namna ya kusikia. Watu walikuwa wengi. Utingo alikuja, sasa ni dereva. Mama tulimtoa nje kwenye kiti, akawekwa karibu na jeneza, amefunikwa blanketi. Mwinjilisti wa sasa ni mgeni, hajakaa hapa sana, na alikuwa anaandika maisha yako ili ayasome. Aliuliza ulizaliwa wapi, ukabatizwa wapi, nikamwambia. Kisha akauliza, kwa nia njema na kwa sauti ya kanisani:

"Marehemu ameacha watoto wangapi?"

Kimya kilichoingia pale, Elika, nilikifahamu. Ni kile kile kilichokufuata maisha yako yote, kwenye lori, kisimani, kwenye harusi za watu. Baba mkubwa alitazama viatu vyake. Mimi nilifungua mdomo kusema hakuna.

"Mmoja," akasema Mama.

Watu wakageuka. Mwinjilisti akatafuta kwa macho katikati ya watu. "Yuko wapi, bibi?"

"Mimi hapa," akasema. "Andika."

Akaandika.

Sasa ninamlisha mimi. Anasema mkono wangu mzito. Vijana wananiletea vitambaa vya kijani niwashonee mashati ya mikutano, wanasema nchi itageuka, tutajitawala wenyewe; nashona, nasikiliza. Nyumba haijatulia bado. Mama yuko hapa ninapoandika, ameuliza ninamwandikia nani, nimemwambia. Amesema nikusalimie, na nisirefushe.

Pumzika, mke wangu. Nami sina haraka, lakini njia naijua.

Mumeo,
Fundi