Daftari la Kaka Ildefons

S.L.P. 41,
Nshamba, Muleba.
16 Septemba 2024

Mpendwa mwanangu Mwesiga,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini huko Mtwara u mzima, na kile kikohozi ulichonitajia wakati wa Pasaka kimekuacha. Sisi tunapumua. Mama yako Klaudia anakula kidogo, lakini anakula, na jana alitoka mwenyewe kupalilia maharage. Mvua zimeanza. Migomba imesimama vizuri.

Barua yako ilisomwa kikaoni siku ya arobaini ya baba yako. Umeandika kwamba hutakuja kusimikwa omusika, mrithi wa nyumba, kwamba huwezi kurithi kibanja cha mcheza kamari, na kwamba mimi baba yako mdogo nikichukue. Wazee walikubali. Nilikataa, na sababu sikuweza kuitoa mdomoni. Nakuandikia wewe kwanza.

Baba yako hakuwa mcheza kamari. Neno hilo ulilisikia kwangu. Nililirudia baada ya misa, kwenye pombe ya rubisi, kila nilipopata watu watatu wa kunisikiliza. Wale wanaouza mjini Bukoba mafunzo ya foreksi, hiyo biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni kwa simu, utajiri ndani ya wiki mbili, bado nawaita wezi na nitawaita hivyo mpaka nife. Kosa langu ni kwamba nilimtia kaka yangu kwenye gunia moja na wao bila kutazama alichokuwa akifanya.

Mama yako amenipa daftari la baba yako. Nimelisoma mara nne.

Mwaka wote wa kwanza alifanya mazoezi kwa fedha za kubuni. Mwanzoni alijaza kwenye chati ya bei indiketa tano, vile vipimo vya mwenendo wa soko, na zote zilipokubaliana alijiona ana mashahidi watano. Kisha akaandika: "Zote zinapikwa kutokana na bei ileile. Ni shahidi mmoja amebadilisha mashati." Akabaki na mbili. Wastani wa bei za siku mia mbili ulimwonyesha soko linaelekea wapi. Kipimo cha kasi kilimwonyesha kama wauzaji wamechoka. Zisipotimia zote mbili, hanunui. Akinunua, anaweka kikomo cha hasara, bei ambayo ikishuka hapo simu inauza yenyewe, na hakigusi tena.

Unakumbuka alivyokuwa akinunua kahawa? Alizamisha mkono hadi chini ya gunia, akatoa punje, akaing'ata. Kuhusu indiketa aliandika hivi: "Ni kama jino langu. Linaniambia kahawa imekauka. Haliniambii bei ya kesho." Mimi niliyesoma vitabu vingi sijawahi kuyasema mambo kwa unyofu kama huo.

Sasa nikuambie kilichotokea mwaka jana kwenye kikao cha ukoo, nyumbani kwangu. Nilisimama mbele ya watu wote nikamwambia, "Kaka, kama hiyo ni elimu, tuonyeshe sasa hivi. Au simu yako inaona haya?"

"Leo bei haijafika, Kahangwa," alijibu taratibu. "Labda wiki ijayo."

"Haijafika, haijafika! Hata mganga wa Kanazi husema hivyo hivyo!"

Watu walicheka hadi wakamwaga rubisi. Mzee Rugambwa akaongeza, "Ildefons, waitu, onyesha basi, tule na sisi."

Akatoa simu. Akanunua. Nyama ilikuwa haijaiva, bei ikawa imeporomoka, na watu walikuwa wamemzunguka wakichungulia. Ndipo, kwa aibu, alipokigusa kile kikomo. Akakisogeza chini. Akakisogeza tena. Nilimwona akifanya hivyo, na nilifurahi, Mwesiga. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Ili arudishe kilichopotea aliuza kahawa yake butura, ikiwa bado maua mtini. Msimu ulipofika alikaa barazani akiwatazama watu wengine wakichuma miti aliyoipanda babu yako. Hakulalamika. Aliacha kuja kwangu tu. Presha ilimchukua Agosti, tukiwa hatujasemezana tangu Pasaka.

Maisha yangu yote nimependa kushinda mabishano. Hili nililishinda kabisa.

Kibanja hakikuuzwa, ni mavuno ya msimu mmoja tu. Jumapili ya tarehe sita Oktoba, baada ya misa, nitasimama kikaoni niwaeleze haya yote, uwepo usiwepo. Lakini njoo. Usikatae nyumba ya baba yako kwa sababu ya neno langu.

Nilikuwa nimeazimia kukutumia daftari lote kwa posta, nikaogopa lisije likapotea. Nakunakilia mstari wa siku ya kikao, aliouandika asubuhi kabla ya kutoka nyumbani: "Bei iko chini ya wastani. Leo sinunui. Naenda kwa Kahangwa, nimemchagulia ndizi nzuri."

Mama yako anakusalimu, na shangazi yako Alistidia wa Kagondo, na Mzee Rugambwa ambaye siku hizi hacheki. Mwenyezi Mungu akulinde njiani, akufikishe.

Mimi baba yako mdogo, nikupendaye na kukuomba radhi,

Kahangwa