Hatutoki Bandani

Jumatatu, 4 Machi
Kosa la wengi ni kudhani subira ni kukaa na kungoja. Leo Kinyozi — aliacha mkasi wa saluni akaja kuvua, ana miezi miwili nami — kaona tundu kwenye wavu, akakusanya kingo zake, akazifunga fundo moja kama mfuko wa sukari. "Babu, imeisha hiyo!" Nikalikata fundo. Kisha nikalipanua tundu, nikikata kila uzi uliochoka mpaka nikafikia macho mazima ya wavu. Akashika kichwa: babu anaharibu! Mrefu, mwanafunzi wangu mwingine, akamcheka, huyu ambaye siku yake ya kwanza karibu alie kwa hilo hilo. Nikawaeleza: uzi mbovu haubebi uzi mzima. Ndipo tukaanza kushona. Asubuhi nzima. Subira ina mikono.

Jumatano, 6 Machi
Mwenyekiti wa chama cha wavuvi kaleta nyavu mpya. Nimejaribu jicho moja — kidole cha mwisho hakipiti! Nikamwambia mbele ya watu: huu si wavu, ni chandarua; utamaliza samaki wachanga, na mwakani tuvue nini? Mrefu na Kinyozi wakakataa kupanda boti yake. Akanigeukia mimi, si wao. Eti napotosha vijana. Eti banda hili la kushonea nyavu ni la chama, Ijumaa niwe nimetoka na matambara yangu. Miaka thelathini na moja nafundisha humu! Paa hili nimeliezeka mimi.

Alhamisi, 7 Machi
Mke wangu kasema niombe radhi, yaishe. Nikamjibu sina kosa la kuombea radhi, wala bandani sitoki. Baadaye akauliza kesho nitakalia nini, maana sakafu ile ni baridi na kiuno changu anakijua. Kanitilia mto kapuni.

Ijumaa, 8 Machi
Nimewakuta vijana mlangoni. Nikawafukuza: rudini nyumbani, nyinyi bado mnazihitaji boti za watu hawa, ugomvi ni wangu. Kinyozi akasema, "Babu, leo hufundishi. Leo sogea tukae." Mjinga huyu! Nilifurahi mpaka nikajifanya nakohoa.

Saa nne. Tumeutandaza wavu mkubwa sakafu nzima, tumekaa juu yake, tunashona. Lori la Mwenyekiti liko mlangoni, na wapakiaji wanne. Anasema hatarudia mara ya pili. Amekwisha kurudia mara tatu. Naandika gotini, makusudi, wakinitazama. Waiogope kalamu kidogo.

Mpakiaji mmoja kashika ukingo wa wavu, anavuta. Hausogei — sisi watatu si wepesi. Wa pili kaja kumsaidia. Mrefu kakunja ngumi, goti lake limeanza kunyanyuka; ndicho Mwenyekiti anachokingoja, apate cha kuwaambia polisi. Mkono wangu wa kushoto uko begani kwake. Kazi ya leo ni moja tu, mwanangu: usiinuke.