Kuku wa Asamaya

Alhamisi, 5 Mangsir
Posa inakuja! Jumamosi wakwe wanakuja kunitazama. Na wapi? Mgahawani kwa Asamaya, hapo kona! Mama ndiye kachagua — nyumbani dari linavuja, aibu. Loo! Hapo ndipo ninapokula momo, vile vidonge vya unga vya mvuke, za nyama ya nyati kila Jumanne, nimejibanza nyuma ya pazia. Sisi Wabrahmini, nyati mwiko! Nimemkimbilia Asamaya: Jumamosi hunijui, tafadhali. Kacheka mpaka machozi. Kwani leo nakujua, kasema.

Jumamosi, 7 Mangsir
Bi Tilrupa, mama yake mchumba, kaja na tasbihi mkononi. Swali la kwanza: binti anakula nyama?
"Kuku tu, dada," mama kajibu. "Tena kwa kubembelezwa."
Nikainamisha macho. Bhupal, mchumba mwenyewe, alikuwa anaficha kicheko — jamani, kijana mzuri! Nimempenda. Basi, nimeandika.
Momo za kuku tulizoagiza zikaja. Harufu tu ilinitosha — nyati! Wamekosea sahani! Nikisema, wataniuliza nimejuaje. Nikinyamaza, mcha miungu anakula mwiko. Nikanyamaza. Sina haya.
Bi Tilrupa akala moja. Akala sita. Eti tangu azaliwe hajaonja kuku mtamu hivi! Akaagiza sahani ya pili.

Jumatatu, 9 Mangsir
Wamekubali! Dhambi inaniandama, hata kuku nimemrudisha jikoni. Mama anafurahi: wakwe wataona kweli sili.

Jumamosi, 14 Mangsir
Bi Tilrupa kanipitia asubuhi. Twende kwa Asamaya, wawili tu, Bhupal asijue. Nikajua nimekwisha.
Asamaya naye dhamiri ilikuwa inamsuta kwa kosa la siku ile, kaleta kuku wa kweli. Afadhali! Bi Tilrupa katafuna. Kaacha. Katema kwenye kitambaa!
"Asamaya, nini hiki? Nimesema kuku."
"Ndiyo kuku huyo, mama."
"Huyu? Usinifanye mtoto. Niletee yule wa siku ile."
Asamaya kaniangalia mimi. Bi Tilrupa naye kanigeukia, kanisogezea sahani.
"Hebu onja, mwanangu. Mwambie kama ndiye."
Nikasema tumbo linauma. Sasa nimejifungia chooni, naandika huku nimesimama. Mlango unagongwa.
"Binti yangu, bado tu?" Sauti tamu kama asali! "Asamaya kaleta sahani zote mbili. Njoo uchague yako, zinapoa!"