Nani Anaziba Pengo?

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, Dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wauguzi wenzako wa hiyo wodi yenu isiyowapa nafasi ya kupumua. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua lakini mdomo haujambo kabisa, na binti yako anaendelea vizuri, tena kuliko unavyodhani. Mimi mwili mzima, roho ndiyo imechafuka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tukifika mahali pagumu unasema mtandao unasumbua. Barua haina mtandao.

Nianze na kitabu. Hiki cha tano, cha kengele ya shule iliyoibwa, kimelala siku zote hizi hapa kwenye meza ya kulia chakula badala ya kuwa kiwandani kinachapwa. Mhariri amepiga simu tena. Amesema, kwa upole wake ule wa kuudhi, kwamba watoto wa darasa la nne na la tano wanauliza Mapengo, mpelelezi wetu, anarudi lini, na kwamba kurasa zisipomfikia kabla shule hazijafunguliwa, nafasi yetu atapewa mtu mwingine na Mapengo ataishia hapo. Jamani! Wewe umeumiza kichwa kutunga, mimi nimeumiza mgongo kuchora, halafu yote yaende na maji kwa ajili ya jino moja?

Maana ugomvi wetu ni jino, Dada, tusifichane. Kwanza ulisema nimemchora Mapengo mrefu mno. Nikamfupisha. Ukasema mashavu yamepungua. Nikayajaza. Kisha ukaja juu kwamba nimeziba pengo lake la mbele, na mtoto anayeitwa Mapengo hawezi kuwa na meno kamili kama tangazo la dawa ya meno. Nikakuapia sijaziba. Hukuniamini. Nikachora upya kila ukurasa anamocheka, na kwa jinsi ulivyoandika, huyu mtoto anacheka kila akimshuku mtu. Nikazipiga picha, nikakutumia. Ukanijibu kwamba pengo limezibwa tena, na kama nimechoka kufanya kazi na wewe niseme waziwazi nisikuzunguke.

Haki ya Mungu, siku hiyo nusura nimwage wino juu ya kurasa zote. Lakini nilipozitazama vizuri nikaona ni kweli. Pale nilipoweka wino mweusi wa pengo, mtu amepitisha rangi nyeupe ya kufutia, taratibu, kwa mkono uliotulia. Mimi nikimaliza kuchora huwa nimeshazichoka kurasa, nazipiga picha asubuhi bila hata kuzikagua. Nikamshuku Mama, kwa kuwa yeye akiona kitu kimepungua hawezi kukiacha. Akaniuliza kama nina homa.

Basi nikatumia mtego wako mwenyewe. Mapengo si anamnasa mwizi wa kengele kwa kupaka chaki ya rangi kwenye kamba? Mimi nikapaka wino wa bluu chini ya ukingo wa kifuniko cha ile rangi nyeupe, nikajifanya nimekwenda kununua karatasi. Mchana tulipokaa kula, binti yako akawa anakula kwa mkono mmoja huku mwingine kauficha chini ya meza. Nikamwambia autoe. Vidole vya bluu tupu.

Nilimfokea, sikufichi. Nikamwambia kitabu kinakufa kwa ajili yake, na mama yake na mjomba wake hawasemezani kwa ajili yake. Hakukana. Alisimama mbele yangu, akanikenulia, akaniambia nihesabu. Yote yamo, Dada. Lile la mbele lilishaota zamani, na limekaa upande kidogo kama la kwako. Akasema tangu umtie vitabuni, shuleni wanamwita Mapengo hadi leo, hata mwalimu mgeni, na hilo amelizoea. Asilolizoea ni wewe kupiga simu na kumuuliza kama bado anamwogopa mbwa wa jirani. Yule mbwa alishakufa, na aliyemzika ni yeye.

Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka sasa linanikera. Katika vitabu vyote vitano, mama yake Mapengo haonekani. Ni kiputo cha maneno tu kinachotokea pembeni, mkia wake unaelekea nje ya picha, kinasema chakula tayari. Akauliza, huyu Mapengo aliyejua nani kaficha kombe, nani kabadilisha mitihani, mbona hajawahi kumtafuta mama yake? Mimi nilidhani uliandika hivyo ili kunipunguzia mtu wa kuchora, na nilikuwa nakushukuru kimoyomoyo! Akasema jino lake limeota, pengo lililobaki ni la mama. Kisha akaenda kunawa mikono, na wino ule hautoki kwa maji.

Najua unahangaika kwa ajili yetu. Lakini kila likizo yako kuna mwenzako mgonjwa unamshikia zamu, na nimechoka kuchora mtoto ambaye hayupo ili wewe usihisi kumkosa huyu aliyepo.

Sasa nikuambie nililofanya, ukasirike mara moja yaishe. Kitabu nimekipeleka leo asubuhi. Mapengo ana meno yote, na nimemrudishia urefu wake. Ukurasa wa mwisho, mahali mama anapoita, nilimwachia binti yako kalamu aandike yale maneno yako ya chakula tayari. Alichora duara la kiputo, akalirudisha kwangu likiwa tupu. Akasema hajui mama angesema nini. Mhariri aliuliza kama tumesahau maneno. Nimemwambia mwandishi anakuja kuyaandika kwa mkono wake, na amekubali kuushikilia ukurasa huo mmoja mpaka shule zifunguliwe. Usinitumie kwa simu. Sitayaandika.

Mama anakusalimu sana, na jirani wa mbwa pia. Binti yako amenikataza kukuandikia shikamoo yake. Anasema atakupa ukifika.

Ni mimi mdogo wako,
Mchoraji