Fimbo ya Kufungulia Programu

Mwisenge, Musoma

Mama Nyangeta, mke wangu,

Hujambo huko Butiama? Mgongo umekuacha, au bado unausingizia usipalilie mihogo? Mimi nipo, ila nimechoka. Nimeandika maana kwenye simu ungenikatia kabla sijafika katikati.

Unajua hapa ofisini kazi yangu ni chai na ufagio. Wenyewe wanatengeneza programu ya kompyuta ya kupimia pamba ya wakulima wa Bunda. Kazi hawaiwekagi kila mtu kwenye kompyuta yake. Iko kwenye diski moja kabatini, wote wanachota humo kwa waya. Mwezi uliopita vijana wawili wa hapa, Magesa na Grace, wakafungua faili lilelile kwa pamoja. Grace akahifadhi mwisho, kazi ya Magesa ya siku tatu ikafutika. Wakanuniana kama wake wenza.

Nikawaambia, sisi kisimani mwenye fimbo ndiye ananywesha ng'ombe, wengine wanangoja. Nikawapa fimbo yangu: aliye nayo ndiye afungue. Walicheka, lakini wakaitii kuliko wanavyomtii bosi.

Sasa Jumatatu, siku ya kukabidhi kazi, goti likanikataa. Nikachukua fimbo mezani, nikajikongoja mpaka Mwigobero kununua sato wa mchana. Nikapiga soga na wauza samaki, unanijua. Kurudi saa tisa nawakuta wote wamekunja mikono. Nikamuuliza Grace kama wamefiwa.

"Babu, fimbo ulikuwa nayo wewe."

Kazi haikukabidhiwa. Bosi hakufoka hata. Alifuta ruhusa za wote za kwenda nyumbani mpaka kazi imalizike, akasema mwenye fimbo ndiye wa kwanza kubaki.

Kwa hiyo Jumamosi wakwe wakileta ng'ombe za mahari ya Nyangeta, mimi sitakuwepo. Mdogo wangu Wambura akae nafasi yangu, azikague meno, na pombe asiiguse kabla hajamaliza. Jambo hili limeniuma. Binti ni huyo mmoja, na nilimwahidi nitampokelea mwenyewe.

Msalimie mama yako, najua atafurahi nisipokuja. Na dada yangu wa Manyamanyama akifika, mpe kiti chenye mgongo.

Wakwe wakiuliza, waambie nimebanwa na kazi ya kompyuta, si uongo. Ila Nyangeta usimfiche. Mwambie ni uzembe wa baba yake, na akitaka kulia, alie wageni wakishaondoka.

Mimi mzee wako,
Baba Nyangeta