Kunguni Hawakuwa Wako, Mama Shiru

Mpendwa Mama Shiru, jirani yangu,

Tumewamaliza. Nimeitanguliza habari hii kabla ya salamu kwa sababu nikianza na "natumaini hujambo" nitapasuka. Ploti nzima, milango yote kumi, hakuna kunguni. Kevo wangu analala mpaka asubuhi bila kujikuna. Mzee Barasa, keretaka wetu anayesimamia ploti, amerudia kuvaa shati jeupe kanisani, maana ule mwaka wa taabu alikuwa akiogopa watu wa nyuma yake wasione madoa ya damu kwenye kola. Hivi majuzi nililalia shuka jeupe wiki nzima, na lilipotoka kitandani halikuwa na doa hata moja. Nililipeperusha uani mchana kweupe nikapiga vigelegele peke yangu, na milango ikafunguka ili watu waone nani anaolewa.

Ninakuandikia waziwazi namna hii, kila mtu akisoma, kwa kuwa namba yako haipatikani tangu uhame. Nimesikia tu kwamba uko Mau Narok, unauza viazi sokoni. Basi yeyote anayesoma hapa na anamjua mama mrefu, mwenye mwanya na kicheko cha kusikika mbali, tafadhali amsomee mpaka mwisho. Pale atakapoanza kunitukana, msomaji asubiri amalize, kisha aendelee.

Unakumbuka siku uliyohamia kwetu Rhonda? Mimi mlango wa pili, wewe wa tatu, na kati yetu ukuta wa mbao uliobandikwa magazeti. Kama ilivyo desturi ya ploti yetu, mtu akihamia kila mtu hutoka kubeba kitu. Mimi nilibeba kioo chako kwa mkono mmoja na Shiru kwa mkono mwingine, naye alikuwa amelala fofofo. Haikupita wiki ukawa unagonga ukuta kwa kijiko chai ikiiva, nami najibu kwa kugonga sufuria. Kevo alipolazwa kwa homa ya mapafu ulifunga kibanda chako cha mitumba siku nne ukakaa nami kwenye benchi la hospitali. Daktari alipoanza kunieleza, nami nikiwa nalia tu, ulimwambia, "Niambie mimi, daktari. Huyu saa hii hana masikio." Mpaka leo sijui ningefanya nini bila wewe.

Halafu likaja kochi. Unajua nilikuwa nikifua nguo kwa Madam mmoja kule Kiamunyi kwa wenye nazo, na siku moja akaniambia nichukue kochi lake la zamani maana amenunua jipya. Mkokoteni ulipoingia ploti, watu walitoka kama wanaopokea maiti ya mtu mkubwa. Wewe ndiye uliyeshika upande mzito. Ndiye pia uliyekaa wa kwanza, ukarukaruka juu yake ukisema, "Ai, Mama Kevo! Sasa wewe si wetu tena. Wewe ni wa Kiamunyi!" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Wiki hiyo nilinunua vitambaa vya kufunika mgongo wake, na jirani hakupita mlangoni kwangu bila kualikwa aje akae.

Mwezi haukuisha tukaanza kujikuna. Hakuna aliyesema neno kunguni. Kila mtu alisema ni mbu, hata msimu usiokuwa na mbu. Kila mmoja alienda kivyake kununua dawa ya kupe wa ng'ombe, akanyunyiza chumba chake, akafunga mlango na kuwaambia wenzake anaenda kwa ibada. Wale wadudu wakisikia harufu walipita kwenye nyufa za mbao wakahamia kwa jirani. Wiki ya pili jirani naye ananyunyiza, nao wanarudi. Walikuwa wakitembeleana kuliko sisi.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu inanilemea. Mwalimu wa Kevo alikuwa ameniita shuleni kuniuliza zile alama za mikononi mwa mtoto ni za nini. Nilirudi nikiwa na aibu inayochoma, na nilitaka kosa liwe la mtu mwingine yeyote. Jumapili ile tulipokusanyika kwenye mfereji wa kuchotea maji nikasimama mimi, rafiki yako. Nikasema tangu uje na marobota yako ya mitumba ndipo tulipoanza kukosa usingizi. Nikaongeza na methali ili maneno yanoge: kikulacho ki nguoni mwako, na hapa mwenye nguo nyingi tunamjua. Watu wakacheka. Wewe hukubishana. Ulisema tu, "Sawa. Nimesikia," ukaenda kuanua sare ya Shiru ikiwa bado mbichi.

Ulihama Jumamosi iliyofuata, na hakuna mlango hata mmoja uliofunguka kukusaidia kubeba. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Niliona haya, na pia nilihisi nafuu, lazima nikiri yote mawili. Baadaye nikasikia ulitafuta chumba ploti mbili tatu hapa hapa Rhonda, ukanyimwa, maana neno lilikuwa limekutangulia. Ukapanda Mau Narok. Na hata huko, mama mmoja wa hapa aendaye kununua viazi akalipeleka neno lile, na nasikia wapo wanaokuita Mama Kunguni. Jina hilo nililitengeneza mimi.

Ulipoondoka, kunguni hawakuhama nawe. Walizidi. Nami kwa ujinga wangu nikafikiri kochi limezeeka kwa kukaliwa na wageni, nikamwita fundi alibadilishe kitambaa. Akalipindua uani, akachana kitambaa cha chini, akaniita.

"Mathe, kuja uone."

Nikaenda. Kwenye kila mshono walijipanga, wakubwa kwa wadogo, na mayai na maganda yao.

"Hawa hawajaanza jana," fundi akasema. "Hawa wako na title deed, hati ya kumiliki hapa."

"Si wametoka huku kwa majirani wakaingia?"

"Zii, mathe. Hii kitambaa ya chini haijawahi funguliwa. Angalia misumari, imeshika kutu yote. Na ndani kumejaa maganda ya kitambo. Hii kochi ilikuja na wao."

Mama Shiru, nilikaa chini kwenye udongo. Sote pale tuliamini kunguni ni ugonjwa wa maskini, kwa hiyo walipokuja tulimtafuta aliye chini yetu tukamtwika. Haikuniingia akilini kwamba wanaweza kutoka kwenye nyumba yenye lango la umeme. Jumatatu nikamuuliza Madam huku nikikamua shuka zake. Alishika mlango akatazama miguu yake. "Pole, Mama Kevo. Nilidhani wameisha. Niliona aibu kukuambia." Nilitaka kukasirika, lakini ningekasirika na sura gani?

Nilikusudia kunyamaza. Ningelitupa kochi polepole na siri ikafa. Ila wiki hiyohiyo nikawakuta wanawake wawili kwenye kamba za nguo wakinong'ona juu ya msichana wa mlango wa sita, aliyehamia na godoro kuukuu. "Unaona? Ni huyu sasa anatuletea." Nikaona wazi kitakachofuata: Jumapili, mfereji, kicheko, na msichana wa watu anafunga mizigo yake peke yake. Nikasema hapana, mmoja anatosha.

Jumapili nikasimama palepale nilipokusimanga. Nikasema, "Kunguni walitoka kwangu. Walikuja na kochi ya Kiamunyi. Mama Shiru hakuwa na makosa. Mimi ndiye nilimsingizia, na nyinyi mkanisaidia kucheka."

Nilingoja matusi. Badala yake Mzee Barasa akakohoa, akavua kofia.

"Hata kwangu wako," akasema. "Mimi nalala kwa kiti. Miezi nzima nalala kwa kiti kama mlinzi."

Mama wa mlango wa nane akasema, "Kwangu pia. Na nyinyi nawaambia ni mbu!"

Ilikuwa kama kufungua gunia. Kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alikuwa akimnyima mamake ruhusa ya kumtembelea, mwingine alikuwa akibadilisha nguo nje kabla ya kuingia kazini. Tulianza kucheka, na safari hii hatukuwa tukimcheka mtu. Wazee walisema mficha uchi hazai, na sisi milango kumi tulikuwa tumeficha mpaka tukakonda.

Tulimwita mhudumu wa afya wa mtaa. Jambo la kwanza alilofanya ni kutunyang'anya ile dawa ya kupe, akituambia itaua mtoto kabla haijaua kunguni. Kisha akatuambia siri yote: milango yote siku moja, la sivyo mnacheza. Maji yanayochemka, jua, nyufa zizibwe, na baada ya wiki mbili mrudie, maana mayai yatakuwa yameanguliwa.

Ungeiona Jumamosi hiyo! Tangu alfajiri kila kitu kilikuwa uani, vitanda, magodoro, mpaka picha za harusi. Tulizoea kufichana, na sasa kila mtu aliona godoro la mwenzake lilivyopasuka, na hakuna aliyekufa kwa kuonekana. Mzee Barasa aliwasha moto wa mawe matatu akasimamia sufuria kama mpishi wa jeshi. "Maji moto! Kaa kando, maji moto!" Msichana wa mlango wa sita alifungulia muziki, tukawa tunamwagia mbao za vitanda kwa mdundo. Vijana walikoroga simiti wakaziba kila ufa. Magazeti ya ukuta wetu, wangu na wako, niliyabandua kwa mikono yangu, na nyuma yake kulikuwa na kijiji kizima cha kunguni. Niliwamwagia maji nikiwaita majina yote mabaya niliyowahi kukuita wewe moyoni.

Kochi tuliliburuta mpaka kiwanjani. Nikaliwasha mwenyewe. Mzee Barasa, shemasi mzima wa kanisa, akarusha kofia yake juu akipiga kelele, "Choma Kiamunyi!" Watu wakashangilia utadhani timu yetu imefunga bao. Mimi nilishangilia kuliko wote, na katikati ya zile kelele nikageuka kukutafuta nikuambie kitu. Mtu niliyezoea kucheka naye sikuwa naye, na ni mimi niliyemtoa.

Tulirudia baada ya wiki mbili, tukarudia tena. Siku hizi tuna sheria moja: ukiona kunguni, unagonga milango yote. Mwezi uliopita msichana wa mlango wa sita alikuja mbio akiwa na mmoja ndani ya kijichupa. "Mathe, nimepata mmoja!" Alisema kwa sauti, bila kuangalia nyuma. Kabla ya adhuhuri sufuria kumi zilikuwa zinachemka. Huyo ndiye alikuwa wa mwisho. Kuna watu wa ploti za jirani wanakuja sasa kutuuliza tulifanyaje, na sisi tunaelekeza kwa maringo, mikono kiunoni. Nami kila mara naanza maelezo na jina lako, kwamba tulianza kwa kumfukuza mtu asiye na hatia, na hiyo haikuua hata mdudu mmoja.

Mama Shiru, ningeweza kuja kimyakimya nikuombe msamaha pembeni, tushikane mikono, nirudi zangu. Hiyo ingekuwa rahisi kwangu, na wewe ungebaki na lile jina. Nilikuchafua mbele ya watu, kwa hiyo ni mbele ya watu nitakapokusafisha. Nilipowaambia wenzangu kwamba nitapanda Mau Narok siku ya soko, Mzee Barasa akasema, "Mdomo ulifungua wewe, lakini tulicheka sisi wote. Tutaenda sisi wote." Basi tunakuja milango yote kumi, Jumamosi hii.

Si lazima utusamehe. Ukitaka kunirushia viazi, chagua vile vilivyooza, vizuri uuze. Kurudi Rhonda au kutorudi ni shauri lako, wala sitakusukuma. Lakini nitasimama mbele ya meza yako, wateja wako wakisikia, na yule mama aliyelipeleka neno akisikia pia maana tunakuja naye, niseme kunguni walikuwa wangu. Wewe unaitwa Mama Shiru. Nitalisema hilo jina mpaka wauza kabichi wa mwisho kabisa wa soko walisikie, na atakayekuita lile lingine baada ya hapo atakuwa ananitukana mimi.

Kaa salama na mtoto mpaka tuonane.

Ni mimi jirani yako niliyekukosea,
Mama Kevo, mwenye kochi