Mgolole Mweusi wa Binti wa Mtemi

Mbeya,
Machi 11, 1956.

Kwa mama yangu mpenzi Severina, Kilolo,

Shikamoo mama, na kamwene sana. Mimi huku sijambo, kikohozi kimeniacha. Wasiwasi wangu ni wewe: kile kifua kimeachia? Unaota moto kwanza asubuhi, au unakimbilia shamba kama msichana? Msalimie kaka Mika na mkewe, hata kama mkewe huwa hanisalimii.

Mwalimu Saulo, wewe unayemsomea mama, asante kwa kazi hii. Usiruke mstari hata mmoja kwa kumwonea huruma. Mama, barua hii ni ya mgolole wako mweusi, ule ulionikabidhi mwaka jana ulipougua, ukasema siku yako ikifika uzikwe nao, kwa kuwa marehemu baba aliununua kwa jasho la mkonge na hukutaka wake za wanao waugombanie. Mgolole huo haupo tena kama ulivyonipa. Nimeukata. Afadhali ulijue hilo kwanza, ndipo nieleze.

Mwalimu Ikupa wa shule ya misheni alikuja hapa kwenye baraza la duka la Bwana Rasik, ninapowekea cherehani. Wasichana wake walitaka kuigiza hadithi ya kale mbele ya wazazi, akahitaji vazi la binti wa mtemi. Alileta picha ya kitabuni, gauni la Kizungu lenye mabega yaliyoumuka kama maandazi. Nikamuuliza ni binti wa mtemi yupi wa kwetu aliyeteka maji na gauni lile. Akacheka, akataka nimpe hadithi ninayoijua mimi. Nikamsimulia ile yako, ya binti aliyejitanda mgolole mweusi akawapita gizani adui waliolizingira boma la baba yake, na mbegu za ulezi alizoshonea kwenye pindo zikawaokoa watu wake na njaa. Akaikubali palepale.

Kazi hiyo ilinichukua siku tisa. Bi Kokila, mke wa Bwana Rasik, aliyenifundisha cherehani, alishikilia kwamba pindo litiwe zari, maana kwao binti wa mfalme asiye na dhahabu ni mjakazi. Nikakataa. Nikamwambia kwetu binti wa mtemi anajulikana kwa namna anavyofunga fundo begani, basi. Tukanuniana nusu siku, kisha akaniletea chai. Pindo nililijaza ulezi kweli, nikalishona kwa mkono, ili msichana akigeuka lichakachike.

Sasa kuhusu kuukata. Jumamosi niliyoanza kazi hiyo mvua ilikuwa kubwa, barazani giza, wateja wawili wananiharakisha. Mezani palikuwa na nguo mbili nyeusi zimekunjwa, kaniki ya dukani na mgolole wako, niliokuwa nimeutoa kwenye sanduku usije ukaliwa na nondo. Nikavuta moja, nikapitisha mkasi. Niliposikia ulaini wa nguo ya zamani nikajua nimekwisha. Bi Kokila alinipa pole, akasema kosa la mkono si kosa la moyo, na mama yangu atanisamehe.

Mchezo ukafanyika Jumapili ya wiki iliyofuata. Aliyeuvaa mgolole wako alikuwa Tupokigwe, msichana mwembamba mwenye macho makubwa. Alipowapita adui kwa kunyata, ukumbi wote ulinyamaza hata ulezi ukasikika. Kisha akakimbia, akaruka, akazunguka, na watu wakasimama wakapiga vigelegele. Nililia, mama, mpaka Bi Kokila akanishika mkono.

Mwalimu Saulo, hapa soma polepole.

Mama, hapo juu nimekudanganya, kama nilivyomdanganya Bi Kokila. Jumamosi ile jua lilikuwa kali na sikuwa na mteja hata mmoja. Jora zima la kaniki lilikuwa dukani, na Bwana Rasik alikuwa ameshaniruhusu kukata. Nililiacha. Nikaenda chumbani kwangu, nikafungua sanduku, nikautoa mgolole wako, nikaukata nikiwa na akili zangu zote.

Tangu uliponikabidhi, kila nikifungua lile sanduku kutafuta kanga nakukuta umelala humo, umeshakufa. Nimechoka kukuzika kila siku mama, nawe u hai, unapalilia njegere zako. Nilitaka nguo ile ivaliwe na mtu anayeruka. Najua ni dharau, mtoto hamwamulii mzazi wake nguo ya kuzikiwa. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi peke yangu. Ila kuomba radhi kwa kusema sikukusudia, siwezi tena.

Na mgolole mwingine wa kuweka sandukuni sikununulii. Ukiutaka, barabara ya Chimala ikikauka panda basi uje uchague kitambaa mwenyewe. Nitaupinda mbele yako, nikufungie begani, na Jumapili twende nao kanisani. Uchakae kwanza.

Nisalimie wote wanaoniulizia, na Mungu akulinde kifua chako. Mwalimu Saulo, mama akinyamaza usimharakishe. Akisema neno, liandike lilivyo, hata likiwa kali.

Ni mimi mwanao,
Verediana